Jepesi, si hafifu: historia ya neno "light" na magunia mawili ya shangazi

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Sugoi wakati wa mavuno, na huko nikapewa somo la lugha ambalo sikulipata chuoni. Leo naomba niwapeni historia kidogo badala ya msimbo. Msimbo utakuja mwishoni, kwa hiyo wenzangu wa kompyuta msiondoke.

Kwa wasiopajua, Sugoi ni kijiji cha Uasin Gishu, ukitoka mjini Eldoret kwenda upande wa Turbo na mpaka wa Uganda. Wengi walilisikia jina hili kwa sababu ndiko nyumbani kwa William Ruto, aliyeapishwa kuwa Rais wa Kenya mwaka 2022. Sisi wa huko tunalijua kwa mahindi.

Niliandika programu ndogo ya simu ya kuweka hesabu za mavuno: magunia mangapi, kilo ngapi, unyevu kiasi gani, nani amenunua. Ilikuwa na matoleo mawili. Moja kubwa, lenye picha na ramani. Jingine dogo, lisilohitaji mtandao, ambalo kwa Kiingereza watu wa kompyuta huliita "Lite". Kwa Kiswahili nikaliandika "Toleo Hafifu".

Shangazi yangu akalisoma, akaniangalia juu ya miwani.

"Hafifu? Wengine umewawekea nzuri, mimi wa kwenu unanipa hafifu?"

Nikajaribu kueleza. Hakusikia. Akabonyeza lile kubwa. Ramani zikala bando lake kwa siku chache tu. Siku ya kuuza, yeye alijua ametoa magunia 31, mnunuzi akahesabu 29. Shangazi akafungua simu ili amwonyeshe, programu ikabaki inazunguka ikingojea mtandao ilete ramani. Lori likawa linanguruma. Akakubali 29.

Magunia mawili yalipotea kwa sababu ya neno moja, na neno hilo niliandika mimi. Tangu hapo nimekuwa nikichimba: tatizo lilianzia wapi?

Neno lililoshuka cheo

"Hafifu" limetoka Kiarabu, "khafif", na huko maana yake ni chepesi tu, kisicho na uzito. Si tusi. Waarabu wana hata bahari moja ya ushairi inayoitwa al-khafif. Lakini neno lilipovuka bahari na kukaa na Waswahili, likashuka cheo. Nguo hafifu ni nguo isiyodumu. Mwanga hafifu ni mwanga usiotosha. Sababu hafifu ni sababu ambayo hakimu ataitupa. Uzito ulipoondoka, heshima ikaondoka nayo.

Neno "rahisi" nalo lilisafiri. Kwa Kiarabu "rakhis" ni kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikaiweka maana hiyo, kisha kikaongeza nyingine: kisicho kigumu. Ukisema simu ni rahisi, mwenzako atakuuliza unazungumzia bei au matumizi.

Nilijua haya yote? Kwa kiasi fulani nilijua. Basi kwa nini niliandika "hafifu"? Hapa lazima nikiri. Niliandika "hafifu" kwa sababu halibadiliki. Vivumishi tulivyovipata kutoka Kiarabu, kama hafifu, rahisi na laini, havichukui viambishi vya ngeli. Toleo hafifu, programu hafifu, kitabu hafifu, magunia hafifu. Unaandika neno mara moja, unalitumia popote.

Lakini neno letu lenyewe la Kibantu, -epesi, linataka kujua linaambatana na nani. Mtu mwepesi, watu wepesi, miti myepesi, toleo jepesi, matoleo mepesi, kitabu chepesi, vitabu vyepesi, programu nyepesi, mahali pepesi. Hayo ni maumbo tisa, na sijamaliza. Kwa mwandika programu ni kero. Kwa hiyo nilichukua neno lililokuwa rahisi kwa mashine, na gharama yake akailipa shangazi.

Waingereza na "light" zao mbili

Tusijilaumu peke yetu. Kiingereza nacho kina matatizo yake hapa, tena makubwa.

"Light" ya kutokuwa na uzito na "light" ya mwanga ni maneno mawili tofauti ambayo sauti zao zilikutana njiani. Ukitaka ushahidi, nenda kwa binamu yake, Kijerumani. Mjerumani anasema "leicht" kwa chepesi na "Licht" kwa mwanga, hawezi kuchanganya. Mwingereza aliyaacha yakafanana kabisa, kwa tahajia na kwa matamshi.

"Light" ile ya wepesi ina jamaa usiyemtarajia: "lung", yaani pafu. Asili yao ni moja. Mpaka leo wachinjaji wa Kiingereza huyaita mapafu ya mnyama "lights", vyepesi. Aliyewahi kupika matumbo na mapafu anaelewa mara moja. Tia nyama sufuriani, itazama. Tia pafu, litaelea juu hata ulisukume na mwiko.

Kando ya "light" wamejaza rafu nzima ya vivumishi. "Airy" ni chenye hewa. "Ethereal" limetoka kwa Wagiriki wa kale, walioamini kwamba juu ya hewa yetu kuna hewa nyingine safi inayong'aa, "aither". "Feathery" ni kama unyoya. "Flimsy" ni chepesi kwa ubaya, huyo ndiye ndugu halisi wa hafifu. "Buoyant" ni kinachoelea, na limezaliwa na "buoy", ambalo ni jamaa wa boya letu tulilopewa na Wareno. Tazama tena tabia ileile: boya linaelea na kuokoa vyombo baharini, lakini vijana wa mtaani wakimwita mtu boya hawamsifu.

Je, Kiswahili ni maskini kwa kuwa kina -epesi na wenzake wachache? Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kufikiri, na sikubali tena. Kwanza, -epesi linafanya kazi nyingi. Mzigo mwepesi hauna kilo. Uji mwepesi una maji mengi. Usingizi mwepesi unakatwa na mlio wa paka. Kazi nyepesi haichoshi. Mwepesi wa kuelewa ni mwerevu, na mwepesi wa hasira mkae naye mbali. Ndani ya neno moja kuna uzito, ugumu na kasi.

Pili, pale ambapo Mwingereza anatafuta kivumishi, sisi mara nyingi tunatumia kitenzi. Kitambaa kinapepea. Karatasi imepeperuka. Boya linaelea. Shangazi anapepeta maharagwe kwenye ungo, makapi yanaruka na mbegu zinabaki. Chumba ambacho Mwingereza angekiita "airy" sisi tunasema kinapitisha hewa. Tunaeleza wepesi kwa kile ambacho kitu kinafanya kikikutana na upepo.

Majirani wetu wa Kibantu wanafanana nasi. Kwa Kilingala upepo ni "mopepe" na chepesi ni "pepele". Kwa Kiganda upepo ni "empewo" na kuwa chepesi ni "okuwewuka". Sikio tu linatosha kuona kwamba upepo na wepesi wanalala nyumba moja.

Kamusi zilivyopangwa

Fikra ya umaskini ilitoka wapi? Kwa maoni yangu, ilitokana na jinsi kamusi zilivyopangwa.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na akakusanya maneno kwa miaka mingi. Kamusi yake ilitoka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka uliotangulia. Edward Steere alichapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. A. C. Madan akatoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya mataifa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1939 zikatoka kamusi zinazojulikana kwa jina la Frederick Johnson.

Kazi kubwa, sikatai. Bila wao nisingekuwa na cha kuchimba. Lakini kamusi inayoanzia Kiingereza ina safu ya kushoto yenye maneno ya Kiingereza, na kila neno linadai mwenzake upande wa kulia. Ukiweka "light", "airy", "ethereal", "flimsy" na "buoyant" upande wa kushoto, upande wa kulia utaona -epesi, -epesi, -epesi, kisha maelezo marefu. Msomaji anahitimisha kwamba kulia kumepungukiwa. Kumbe jedwali lenyewe ndilo lililopendelea. Lianzishe kwa "pepeta" na "mwanana", uone Kiingereza kitakavyohangaika.

Mwandika programu anaijua picha hiyo. Faili la kutafsiria programu huria, lile lenye kiishio cha .po, ni kamusi ya Madan iliyozaliwa upya: "msgid" juu, ni Kiingereza, na "msgstr" chini, ni tupu, inakungoja ujaze.

Hewa yetu ya juu

Kabla sijafika kwenye kompyuta zenyewe, turudi nyumbani kidogo, maana Eldoret tunaishi ndani ya kivumishi hiki.

Mji uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Ukielekea Sugoi na Turbo nchi inashuka kidogo, lakini bado ni juu. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 78 ya ile ya Mombasa. Maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, ndiyo maana githeri yetu inakula kuni. Mwingereza huiita hewa hii "thin", yaani nyembamba. Sisi tunasema hewa nyepesi.

Hewa hiyo imetujengea jina. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika mji wa Mexico, mita 2,240 juu. Kipchoge Keino wa Nandi akashinda mita 1,500 na kumwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma sana. Mapafu yaliyokulia kwenye hewa nyepesi hayakuona ajabu.

Kompyuta nazo zinaihisi. Diski ngumu za zamani, zile zinazozunguka, husomwa na kichwa kidogo kinachoelea juu ya sahani kwa nguvu ya hewa, kwenye pengo ambalo unywele ni mnene kulishinda kwa maelfu ya mara. Hewa ikiwa nyepesi mno, kichwa kinashuka na kukwaruza. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliandika kikomo cha mita 3,048, yaani futi 10,000. Eldoret tuko salama, lakini seva ya juu ya Mlima Kenya ingehitaji maombi. Mwaka 2013 kampuni ya HGST ikatoa diski zilizozibwa na kujazwa heliamu, gesi yenye uzito wa kama moja ya saba ya hewa, ili sahani zizunguke bila kusumbuliwa na hewa nzito. Wepesi ukawa kipuri.

Wepesi ulivyogeuka sifa

Na hapa ndipo historia inapopinduka. Katika kompyuta, "light" ni sifa nzuri.

Tarehe 22 Mei 1973 Bob Metcalfe wa Xerox aliandika waraka akauita mtandao wake Ethernet. Alichukua jina la ile "aether" ya Wagiriki, ambayo wanafizikia wa karne ya 19 walidhani ndiyo inayobeba mwanga, na ambayo jaribio la Michelson na Morley la 1887 lilikuwa limeshindwa kuiona. Mwaka 1998 Gerald Combs alitoa programu ya kuchungulia mitandao, akaiita Ethereal, kivumishi chenyewe kabisa. Mwaka 2006 ilibadilishwa jina, leo mnaijua kama Wireshark.

Mwaka 1993 ilikuja LDAP, ambayo L yake ni "Lightweight". Mwaka 2000 ikaja SQLite ya Richard Hipp, iliyomo ndani ya karibu kila simu mliyoishika. Mwaka 2003 ikaja seva ya lighttpd. Januari 2008 Steve Jobs akatoa kompyuta kwenye bahasha ya karatasi, kilo 1.36, jina lake Air.

Kwetu wepesi haukuwa urembo. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, mtandao wa Kenya ulipitia satelaiti. Kwenye saiba za Eldoret tulilipa kwa dakika, tukitazama picha moja ikishuka mstari kwa mstari. Ukurasa mzito ulikuwa ghali, ukurasa mwepesi ulikuwa nafuu. Opera Mini, iliyosambazwa dunia nzima kuanzia 2006, ilitukomboa kwa kubana kurasa kabla hazijafika kwenye simu. M-Pesa ilianza Machi 2007 ikiwa menyu ya maandishi matupu kwenye laini ya simu, nyepesi kuliko programu yoyote ya benki, na ikaenea mpaka vijijini.

Chepesi, cha haraka, kisicho kigumu, kisichokula pesa. Kiingereza kilihitaji maneno manne, lakini -epesi na rahisi walikuwa wameshayafunga pamoja zamani.

Sasa msimbo

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulituonyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Wakati ule mtafsiri wa faili za .po alikuwa na tatizo moja baya. Neno la Kiingereza likitokea mara tatu kwenye programu, faili lilikubali tafsiri moja tu. "Light" ya fonti na "Light" ya rangi za skrini zingepata jibu moja. Mwaka 2006 gettext ikaongeza "msgctxt", mahali pa kuandika neno linatumika wapi. Tuitumie. Mimi sikuitumia.

Haya ndiyo ninayofuata sasa:

- "Light" ya rangi za skrini: Mwanga, na mwenzake Giza. Hapa -epesi haina kazi.
- "Light" ya fonti: Nyepesi. Tumeshazoea "herufi nzito", basi kinyume chake kipo.
- "Thin" ya fonti: Nyepesi sana. Epuka "nyembamba", utaihitaji kwa herufi zilizobanwa upana.
- "Lite" ya programu: Programu nyepesi, au Toleo jepesi. Andika nomino na kivumishi pamoja kwenye mstari mmoja wa tafsiri, usiviunganishe kwa msimbo. Ngeli itakuumbua.
- "Hafifu": iwekee mtandao unaokatika. Mawimbi hafifu. Hapo imefika nyumbani.

Na ikiwezekana, usitumie kivumishi. Sema kitu kinafanya nini.

Hilo la mwisho si langu. Nilimpelekea shangazi toleo jipya, limeandikwa "Toleo Jepesi", nikajiona nimemaliza kazi. Akalisoma, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Jepesi vipi? Simu yenyewe nimeishika, uzito ni uleule."

"Halili bando, shangazi. Linafanya kazi bila mtandao."

"Basi si ungeandika hivyo?"

Nimeandika hivyo. Kitufe sasa kinasema "Bila mtandao, halili bando". Ni kirefu, kinapitiliza ukingo wa skrini kwenye simu ndogo, na nimelazimika kupunguza ukubwa wa herufi. Amekibonyeza bila kuuliza swali. Yale magunia mawili hayatarudi, na bado ananikumbusha kila nikipiga simu.

Kama umewahi kutafsiri programu na neno moja likakutia aibu, niandikie. Tuanze kukusanya orodha.